Faili za Mipangilio Zikae Wapi?

Wengi wenu mlio katika chama chetu cha kompyuta mmekwisha kujua kuandika programu ndogo, na baadhi yenu mmejaribu hata kuifunga programu iwe kifurushi cha Debian, yaani faili moja yenye mwisho wa .deb, ambayo mtu aweza kuichukua katika flashi na kuiweka katika mashine yake kwa amri moja. Kazi hiyo si ngumu sana. Lakini ndani yake limo swali moja ambalo naona hujibiwa kwa haraka, na pengine halijibiwi kabisa: faili ya mipangilio ikae wapi? Kwa mipangilio nina maana ya yale maneno na tarakimu ambazo programu huzisoma inapoanza, ili ijue ifanyeje kazi mahali ilipo: jina la shule, ukubwa wa karatasi, anwani ya seva, na kadhalika.

Hilo "na kadhalika" ndilo jina la folda ambayo tangu kale ni makao ya faili hizo: /etc ni neno hilo la Kilatini lililofupishwa. Katika siku za kwanza za Unix, kule maabara ya Bell nchini Marekani mwanzoni mwa miaka ya 1970, humo waliweka kila kitu kisichokuwa na kwao, hata programu zenyewe. Baadaye Linux ilipozaliwa mwaka 1991 na kuanza kuenea, kila kundi lililoisambaza lilipanga folda zake lilivyopenda, na mtu aliyezoea mashine moja alipotea katika nyingine. Ndipo watu wakakubaliana juu ya kanuni, iliyotolewa mara ya kwanza Februari 1994. Leo yaitwa FHS, na toleo lake la 3.0 lilitoka mwaka 2015. Kanuni hiyo yasema kuwa /etc ni mahali pa mipangilio ya mashine hii hasa, wala programu za kuendeshwa zisikae humo.

Ukiisoma FHS utaona kwamba yauliza mambo mawili. La kwanza: je, faili hii mashine nyingi zaweza kuitumia kwa pamoja, au ni ya mashine moja tu? La pili: je, hubadilika kazi inapoendelea, au hukaa vile vile mpaka msimamizi aiguse? Mwenye kuyashika maswali hayo mawili ameijua nusu ya ramani. Programu yenyewe, picha zake na maneno yake ya msaada ni sawa kila mahali na hayabadiliki; basi ni ya /usr. Orodha ya alama za wanafunzi hubadilika kila siku. Ni ya /var. Mipangilio haibadiliki ovyo, lakini kila mashine ina yake. Ni ya /etc.

Mimi huyakumbuka hayo kwa kufikiri gari la abiria liondokalo hapa Gitega asubuhi, likapita Karusi, likafika Muyinga. Kitu ninachoweza kukipakia humo na kikatumika Muyinga bila kuguswa, hicho ni cha /usr. Kitu ambacho hakina budi kuandikwa upya kikifika kule, hicho ni cha /etc.

Jambo hili limetugusa sisi wenyewe. Shule yetu na shule moja rafiki kule Muyinga hutumia programu moja ndogo ya kujumlisha alama na kuchapa ripoti za muhula. Hapa nitaiita "alama". Aliyeifunga kwanza alikuwa fundi mmoja asiye wa shule zetu, naye aliiweka mipangilio yote katika faili /usr/share/alama/mipangilio.conf. Hapa Gitega hatukuona neno, kwani faili ile iliandikwa kwa ajili yetu tangu mwanzo. Kule Muyinga, Sista anayeshika ofisi ya masomo aliifungua mwenyewe, akabadilisha jina la shule, jina la mkoa, na uzito wa kila somo, maana sisi tu mchepuo wa sayansi na wao ni wa lugha. Ikafanya kazi vizuri kabisa.

Kisha likaja toleo jipya. Likapelekwa Muyinga katika flashi, likawekwa siku ya Alhamisi, na ripoti zikachapwa Ijumaa. Jioni simu ikalia.

"Tumsifu Yesu Kristo, Sista."

"Milele, amina. Mwanangu, hebu niambie, tangu lini Muyinga iko katika Mkoa wa Gitega?"

Kichwa cha ripoti kilikuwa cha kwetu. Mnajua kwamba kwa sheria ya mwaka 2023 mikoa ya nchi yetu ilipunguzwa kutoka 18 hata 5, na kwamba mpango huo ulipoanza kutumika mwaka 2025, Muyinga iliingia katika Mkoa wa Buhumuza pamoja na Cankuzo na Ruyigi. Gitega ilibaki na jina lake, na kwa hiyo fundi aliyekaa Gitega asingekumbuka hata kidogo kwamba jina la mkoa ni kitu cha kubadilika. Sista aliliandika jina la Buhumuza kwa mkono wake mara tu lilipoanza. Sasa karatasi zote zilisema Gitega.

Kichwa cha karatasi peke yake si msiba, waweza kukikata kwa mkasi. Lakini ndicho kilichomfanya Sista azitazame tarakimu, na tarakimu ndizo zilizomtisha. Nitatoa mfano mwepesi, si ripoti ya mtu. Tuseme katika mchepuo wa lugha Hisabati huhesabiwa juu ya 40, Kifaransa juu ya 100, na Kiswahili juu ya 60, jumla 200. Mwanafunzi aliyepata asilimia 30 katika Hisabati na asilimia 60 katika kila lugha ana alama 12, 60 na 36, yaani 108. Hiyo ni asilimia 54, amepita. Sasa mpime huyo huyo kwa mizani ya sayansi, Hisabati juu ya 120, Kifaransa juu ya 50, Kiswahili juu ya 30. Atapata 36, 30 na 18, yaani 84, ambayo ni asilimia 42. Huyo atakariri darasa, na hakuna mahali popote palipokosewa kujumlisha! Programu haikulalamika, karatasi zilikuwa safi, mihuri ilikuwa tayari. Kama mikoa yetu miwili ingekuwa na jina moja, ripoti zile zingesomwa mbele ya wazazi.

Kwa nini ikawa hivyo? Programu iwekayo vifurushi katika Debian na Ubuntu huitwa dpkg. Kwake yeye, kila faili ya kifurushi iliyo ndani ya /usr ni mali ya kifurushi. Toleo jipya likija, faili ya zamani huondolewa na mpya huwekwa, bila swali. Wengine katika chama chetu walisema kosa ni la Sista, kwa kuandika ndani ya /usr. Sikubaliani nao. Sista aliandika katika faili aliyoonyeshwa. Aliyeiweka faili ya kuandikwa na watu mahali ambapo maandiko ya watu hufutwa ndiye aliyetega mtego.

Faili za /etc dpkg huzichukua kwa namna nyingine. Mfungaji akiziorodhesha kuwa ni za mipangilio (na vifaa vya kufungia vya Debian huziorodhesha vyenyewe zikiwa ndani ya /etc), dpkg huweka alama ya kutambulisha faili ilivyokuwa ilipotoka kwa mfungaji. Toleo jipya likija, hulinganisha. Ikiwa wewe hukuigusa faili, huweka mpya kimya kimya. Ikiwa wewe umeigusa na mfungaji hakubadilisha lake, huiacha yako. Ikiwa nyote wawili mmebadilisha, husimama na kuuliza: niweke ya mfungaji au niache yako? Ukibonyeza tu kitufe cha kuendelea, huacha yako. Hata ukiwa umeifuta faili kwa makusudi, hairudishi. Ndugu zetu watumiao Fedora na jamaa zake wana desturi iliyo karibu na hiyo. Huko mfungaji huandika neno noreplace, na faili mpya huwekwa kando ikiwa na mwisho wa.rpmnew.

Basi tuihamishe faili kwenda /etc, na kazi imekwisha? Tulifikiri hivyo kwa muda wa siku mbili hivi. Lakini tazameni swali lile la dpkg. Latokea katika kioo cheusi, kwa Kiingereza au Kifaransa, katikati ya maneno mengine mengi, na mwenye kulijibu ni mtu aliyekuwa akitaka kuchapa ripoti kabla umeme haujakatika. Akiikubali ya mfungaji, uzito wa masomo warudi kuwa wa Gitega tena. Ni kweli faili yake haipotei, huhifadhiwa ikiwa na mwisho wa .dpkg-old, lakini ni nani atakayemwambia? Na akiishikilia yake, pengine mpangilio mpya ambao toleo hilo lauhitaji haumo. Swali hilo ni zuri kwa msimamizi aliyesomea kazi hiyo. Kwa ofisi ya shule, kuuliza swali lisiloeleweka ni karibu sawa na kutouliza.

Kwa hiyo tukafuata njia ya pili, ambayo mafundi wa systemd wameizoeza watu. Wao huweka faili za mfungaji katika /usr/lib/systemd/system, na humwachia msimamizi /etc/systemd/system. Akiandika huko faili yenye jina lile lile, yake ndiyo isomwayo. Akitaka kubadilisha mstari mmoja tu, huunda folda yenye jina la faili hiyo na mwisho wa .d, akaweka humo faili ndogo yenye mstari huo. Hivyo mfungaji aweza kubadilisha ya kwake kila mwezi, wala hakuna ugomvi, kwani wawili hawaandiki katika daftari moja.

Programu yetu sasa husoma kwanza /usr/share/alama/msingi.conf, ambayo ni yetu sisi wafungaji, kisha husoma /etc/alama/shule.conf, ambayo ni ya shule, na neno la shule hulishinda letu. Faili hiyo ya pili haimo katika kifurushi kabisa! Shule yenyewe huiandika siku ya kwanza, ikifuata mfano uliowekwa katika /usr/share/doc/alama/examples. Kwa kuwa haimo, dpkg haiijui, haiulizi juu yake wala haiigusi.

Rafiki yangu mmoja wa darasa, mbishi lakini mwenye akili, alisema njia hii yaficha mambo. Zamani, alisema, ulifungua /etc ukaona faili nzima, kila mpangilio na maelezo yake pembeni, na ukajua ni nini kiwezacho kubadilishwa. Sasa wafungua ukakuta mistari mitano, na mingine mia imelala katika /usr ambako hukuambiwa uende. Neno lake lina haki. Tulimjibu kwa kuongeza amri moja, alama --onyesha, ambayo huchapa kila mpangilio na jina la faili ulikotoka. Systemd ina amri ya namna hiyo, systemctl cat. Nadhani mwenye kugawa mipangilio katika tabaka mbili bila kutoa amri kama hiyo amefanya nusu ya kazi, na nusu iliyo rahisi.

Lakini jambo tulilobishana sana halikuwa mahali pa faili, lilikuwa hili: uzito wa masomo uwe na thamani ya msingi au usiwe nayo? Ukubwa wa karatasi waweza kuwa A4 shule isiposema, na hakuna atakayeumia. Uzito wa masomo sivyo. Thamani yoyote tutakayoiweka katika /usr itakuwa ni ya shule fulani, na siku faili ya /etc ikikosekana, kwa kufutwa au kwa diski kuharibika, programu itaichukua thamani hiyo na kuendelea kama kawaida. Hapo tutakuwa tumeurudia mtego ule ule kwa mlango wa nyuma. Basi tukaamua kwamba uzito wa masomo, jina la shule na jina la mkoa havina msingi. Visipoandikwa katika /etc/alama/shule.conf, programu hukataa kuanza, na husema kwa Kiswahili na kwa Kirundi ni mstari gani unaokosekana. Mwalimu mmoja alituambia kuwa programu inayokataa kazi itatuudhi wakati wa mitihani. Ni kweli, itaudhi. Naona heri Sista audhike Ijumaa kuliko mtoto kukariri darasa.

Yako mambo mengine madogo niyapitie. Programu nyingine hujiandikia mipangilio yao zenyewe, mtu akibonyeza kitufe cha kuhifadhi. Faili ya namna hiyo isiwekwe /etc kama faili ya kifurushi, maana dpkg itaona imebadilika na itamwuliza msimamizi juu ya mabadiliko ambayo yeye hakuyafanya. Kanuni za Debian zakataza hata kifurushi chenyewe kuzihariri faili hizo kwa hati zake za usakinishaji. Mahali pake ni /var/lib. Na yale ambayo kila mwalimu hujichagulia, kama vile ukubwa wa herufi, hukaa nyumbani kwake, katika folda .config, na kifurushi kisiingie nyumba ya mtu kamwe. (Nukta iliyo mbele ya jina hilo ndiyo huificha folda. Rob Pike, aliyekuwa mmoja wa mafundi wa Unix, alieleza mwaka 2012 kwamba desturi hiyo ilizaliwa kwa bahati mbaya: amri ls ilitakiwa kuficha majina mawili tu, nukta moja na nukta mbili, lakini ili kufupisha kazi ikaandikwa kuficha kila jina lianzalo kwa nukta.)

Wale wanafunzi wa zamani wanaofanya kazi katika hospitali na ofisi za afya wamekwisha kukutana na jambo hili katika DHIS2, programu ya takwimu za afya iliyokuzwa na Chuo Kikuu cha Oslo. Kenya iliitandaza nchi nzima mwaka 2011, na Wizara yetu ya Afya huitumia pia. Programu yenyewe ni faili moja kubwa yenye mwisho wa .war, nayo hubadilishwa nzima toleo jipya likija. Jina la hifadhidata na neno la siri hukaa mbali nayo, katika faili dhis.conf. Hapo wamefanya vema. Programu huitafuta faili hiyo katika folda iliyotajwa na neno DHIS2_HOME, na lisipotajwa huitafuta katika /opt/dhis2. Kwa FHS, kilicho katika /opt hutakiwa kuweka mipangilio yake katika /etc/opt. Sisemi ni dhambi, kwani msimamizi aweza kuielekeza apendako, lakini mtu akirithi mashine ya mwenzake aliyehamishwa, ataanza kutafuta /etc, naye asipoiona huenda asiinakili wakati wa kutunza nakala. Na kwa kuwa ina neno la siri, yapasa isomwe na mwenyewe tu, yaani iwe na ruhusa 600. Faili nyingi za /etc husomwa na kila mtumiaji wa mashine, jambo ambalo wanaoanza hulisahau. Neno la siri lisitiwe ndani ya kifurushi pia, maana likipanda gari kwenda Muyinga litakuwa neno moja kwa shule zote mbili.

Limebaki swali la kuondoa. Katika Debian, apt remove huiondoa programu na kuziacha faili za mipangilio, ili mtu akiirudisha kesho azikute. Apt purge huzifuta nazo. Kwa kuwa shule.conf haimo katika kifurushi, dpkg haitaifuta yenyewe, na imetubidi tuandike hati ndogo ya kuifuta wakati wa purge. Je, purge ifute na alama zilizo katika /var/lib/alama? Postgresql, ambayo ni hifadhidata, huuliza kwanza. Sisi tumeamua kifurushi chetu kisizifute hata kwa purge, bali kiandike zilipo, na anayetaka kuzifuta azifute kwa mkono wake akijua anachofanya. Rafiki yangu yule mbishi asema hiyo ni kinyume cha maana ya neno purge, na hatujapatana.

Kifurushi kimekwisha kuwekwa Muyinga na hapa. Mwenye kutaka kukitazama kilivyofungwa, awe mwanafunzi au mzee wa shule aliyekuja kututembelea, aje chumba cha kompyuta siku ya Jumatano baada ya masomo, na aje na flashi yake.